Kinanda, sauti na mtu mmoja: kuandaa onyesho la jazi peke yako Lubumbashi

Jioni moja, katika ukumbi mdogo wa hoteli mjini Lubumbashi, nilimaliza kuimba na mzee aliyekuwa ameketi meza ya mbele akanijia kabla sijainuka kwenye kiti. Akaniambia polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto wake: “Mwana, mukono yako ya kushoto inasema mingi kupita kinywa.” Nilimjibu, “Aksanti, papa,” nikarudi nyumbani nikiwaza. Alikuwa amesema kweli. Nilikulia kwenye kinanda cha kanisa, na kinanda cha kanisa kinabeba kwaya nzima, lazima kiwe kizito. Pale hotelini kwaya haikuwepo, lakini mikono yangu ilikuwa bado inaibeba.

Haya ninayoandika ni kwa yeyote anayetaka kuketi mbele ya kinanda na kuimba nyimbo zake za jazi bila besi, bila ngoma, bila gitaa. Yote yanazunguka jambo moja: ukiwa peke yako, acha nafasi. Msikilizaji mwenyewe ataijaza.

Hatua ya 1: Sikiliza gumba la Mwenda

Usianze na piano. Anza na gitaa la hapa kwetu. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa na mwimbaji wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, na alichokuwa nacho ni gitaa moja na koo lake. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikatembea na melodi, sauti ikapita katikati. Hakuna mtu aliyesikiliza akauliza ngoma iko wapi. Mpiga kisanji, kile kinanda kidogo cha vidole gumba, naye hivyo hivyo: magumba mawili, sauti moja, na wimbo umekamilika. Kwa hiyo kijana wa Katanga anayeketi kwenye piano kuimba peke yake hajaanzisha kitu kigeni. Anaendeleza kazi ya wazee kwa chombo kingine.

Chukua wimbo mmoja wa gitaa la zamani uusikilize kwa wiki nzima. Siku za kwanza fuata besi tu, ukiipiga mezani kwa mkono wa kushoto. Kisha imba pamoja na mwimbaji huku mkono ukiendelea. Utaona kwamba gumba halinyamazi, ila halipandi juu ya neno. Mwimbaji anapovuta pumzi, shahada ndipo inapozungumza.

Baada ya hapo nenda kwa wapiga piano walioimba: Nat King Cole, Nina Simone, Shirley Horn. Nina Simone hakuanza kama mwimbaji. Mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano kwenye baa ya Atlantic City, huko Marekani, na mwenye baa akamwambia aimbe au kazi hana. Shirley Horn alijulikana kwa kuimba taratibu mno. Msikilize huyo kuliko wote. Mara nyingi analisema neno, analiacha litue, ndipo mikono inajibu.

Hatua ya 2: Kikague kinanda mapema

Piano za mbao si nyingi mjini kwetu. Ukiahidiwa kwamba ukumbi una piano, nenda ukaione siku kadhaa kabla. Piga kila nota, kuanzia chini hadi juu, na uandike zile zinazokwama au zisizolia. Kanyaga pedali ya kulia usikilize kama sauti inakatika unapoiachilia. Kisha linganisha La ya katikati (A) na programu ya simu. Inapaswa kuwa herzi 440. Majira nayo yana nguvu. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa imejaa maji, mbao inavimba na sauti inapanda. Kuanzia Mei vumbi jekundu linaingia, hewa inakauka, mbao inasinyaa na sauti inashuka. Piano iliyoshuka yote kwa usawa unaweza kuimba nayo. Piano ambayo nota jirani hazisikilizani itakuvuta nje ya wimbo hata ukiwa na sikio zuri, na hapo beba kinanda chako cha umeme bila kuona haya.

Kwa kinanda cha umeme, nota 88 zenye uzito ndizo bora, lakini nota 61 zinatosha ikiwa zinaitikia nguvu ya kidole. Nota ya chini kabisa ya kinanda cha 61 kwa kawaida ni Do (C) iliyo oktava mbili chini ya Do ya katikati, na kwa kusindikiza sauti huhitaji kwenda chini zaidi. Usichokiacha ni pedali. Kinanda bila pedali kinakulazimisha ushikilie kila akodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, kwa vidole, na mwili ukikaza, koo linakaza pia.

Chagua mlio wa piano mtupu. Zima vinanda vya nyuzi vinavyopaka sauti ya nyuma, na zima midundo ya mashine. Najua midundo hiyo inapendwa kwenye harusi, na inafaa pale. Hapa inakunyang’anya uhuru wa kusubiri.

Hatua ya 3: Tafuta gamu ya koo lako

Imba wimbo bila kinanda, jioni, saa ile ile utakayoimba mbele ya watu, maana koo la asubuhi ni jingine. Tafuta nota ya chini kabisa na ya juu kabisa ya wimbo, kisha uisogeze gamu, yaani nota ambayo wimbo wote umejengwa juu yake, hadi maneno mengi yakae karibu na sauti unayozungumzia. Nyimbo nyingi za jazi zimezoeleka katika gamu zinazowapa nafuu wapiga tarumbeta na saksofoni. Wewe huna saksofoni nyuma yako, hakuna anayekulazimisha. Ukiona gamu inayofaa koo ina nota nyeusi nyingi, jifunze nota nyeusi. Mikono hufundishika upesi kuliko koo.

Andika gamu ya kila wimbo kwenye daftari, kwa kalamu.

Hatua ya 4: Punguza mkono wa kushoto

Hapa ndipo nilipopoteza miaka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mwendo unaopatikana kila mahali katika jazi: akodi ya Re, kisha ya Sol, kisha ya Do. Kanisani ungepiga kila akodi kwa vidole vyote. Sasa fanya hivi. Mkono wa kushoto upige Re peke yake. Wa kulia upige Fa na Do. Kisha kushoto Sol. Kulia Fa ile ile, na Do ishuke iwe Si. Mwisho kushoto Do. Kulia Si ile ile, na Fa ishuke iwe Mi. Angalia kilichotokea: kila mara sauti moja ya mkono wa kulia imesubiri, na nyingine imeshuka nusu toni tu. Nota tatu, na sikio linapata kila linachohitaji. Besi inasema tuko wapi, na zile nota mbili zinasema kama ni huzuni, mvutano au kutua.

Piga mwendo huo katika gamu zote 12. Si kwa siku moja. Gamu moja kwa siku, dakika 20, polepole, ukiimba melodi yoyote juu yake. Ukiwa umezoea, hamisha zile nota mbili kwenye mkono wa kushoto, karibu na Do ya katikati, na uiache besi kabisa. Mkono wa kulia utakuwa huru kujibu sauti yako. Wengi wanaogopa kuiacha besi. Lakini masikio ya mtu yakishazisikia besi zako mara moja, yanaendelea kuzikumbuka vipimo kadhaa mbele (kipimo ni fungu la midundo, kwa kawaida minne).

Kuna kanuni mbili ninazozishika. Chini ya ile Do iliyo oktava moja chini ya katikati, usibane nota pamoja; piga moja, au mbili zilizo mbali. Nota zilizobanana huko chini zinageuka matope, na matope hayo yanafunika maneno. Na wakati unaimba, mkono wa kulia usipige melodi ile ile unayoiimba. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu nikidhani najisaidia kushika toni. Kinanda kinaposema neno lako kabla yako au pamoja nawe, msikilizaji anabaki na kinanda.

Zoezi lililonibadilisha kabisa ni hili: imba mstari mzima mikono ikiwa magotini. Mstari ukiisha, piga akodi moja. Imba mstari wa pili, tena mikono magotini, kisha akodi moja. Fanya wimbo wote hivyo. Baadaye ongeza besi pale tu unapohisi wimbo unayumba, wala usiongeze kitu kingine. Utashangaa ni sehemu chache kiasi gani zilizokuwa zinakuhitaji.

Hatua ya 5: Andika maneno yanayokaa kwenye jazi

Jazi ilikua ndani ya Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yenye mkazo. Ndiyo maana melodi zake hupenda kumalizikia kwenye nota moja ndefu na nzito. Kiswahili kinakataa. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho inaanguka. Ukiimba “nakupenda” na kuivuta ile “-nda” kwenye nota nzito, hata mtoto atasikia kwamba kuna kitu kimepinda.

Dawa yake ni kuipa melodi mkia. Weka “-pe-” kwenye nota ndefu, kisha “-nda” ianguke fupi baada yake, kwenye nota ile ile au ya chini. Au sukuma “-pe-” itangulie mdundo wa kwanza kidogo tu, na “-nda” itue kimya kimya mahali ambapo watu walitegemea nguvu. Hapo unapata ule mwendo wa kuyumba ambao jazi inautaka, na umeupata kutoka ndani ya lugha yenyewe. Kumbuka pia kwamba mkazo unahama neno likirefuka: “nyumba” ina mkazo mwanzoni, “nyumbani” ina mkazo kwenye “mba”. Ukibadilisha neno kwenye ubeti wa pili, kagua melodi upya.

Irabu nazo zina kazi. A, o na e zinafunguka, unaweza kuzishikilia juu bila kujiumiza. I na u zinabana kinywa. “Usiku” ni neno zuri lakini ukilipeleka juu na kulivuta, mkazo uko kwenye “si” na koo linafinyika. “Jioni” linakupa o ya kushikilia. Mara nyingi nabadilisha saa ya kisa kizima kwa sababu ya irabu moja, na sijawahi kujutia.

Halafu kuna swali la Kiswahili gani. Nitasema ninavyoamini: andika kile unachozungumza. Nikitaka kuimba juu ya Kenya, komini yetu ya hapa Lubumbashi, naweza kuandika “Vumbi la Kenya limo viatuni mwangu”. Ni sahihi, na haigusi mtu. Nikiimba “Vumbi ya Kenya iko ku biatu yangu”, mama anayerudi kutoka sokoni anageuka. Kiswahili sanifu ninakitumia kwenye barua na makala. Kwenye wimbo natumia kile mama aliniitia nacho chakula. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa ataelewa, na atasikia pia kwamba tuko wapi.

Ukimaliza kuandika, soma maneno kwa sauti ya kawaida huku ukipiga makofi kwenye mdundo wa pili na wa nne. Mstari unaokwama kwenye makofi utakwama kwenye kinanda. Na wimbo ukikamilika, uandikishe SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, kwa jina lako.

Hatua ya 6: Pima urefu

Umbo la kawaida la wimbo wa jazi ni vipimo 32: sehemu nne za vipimo vinane, ambapo ya kwanza, ya pili na ya nne zinafanana, na ya tatu inakwenda kwingine. Bluzi ni vipimo 12. Kwa bendi, umbo hilo linazungushwa mara nyingi kwa sababu kila mpigaji ana zamu yake. Peke yako, usizungushe.

Piga hesabu. Vipimo 32 vya midundo minne ni midundo 128. Kwa mwendo wa midundo 60 kwa dakika, mzunguko mmoja ni dakika 2 na sekunde 8. Imba mzunguko mzima, piga kinanda kwa nusu mzunguko, kisha rudi na sauti kwa nusu iliyobaki: ni dakika 4 na sekunde 16, inatosha kabisa. Wimbo wa midundo 120 unaisha kwa nusu ya muda huo, hapo unaweza kuongeza mzunguko. Kwa onyesho la dakika 45, nyimbo tisa zinatosha ukihesabu maneno ya katikati na makofi. Usiweke mbili za taratibu mfululizo mwanzoni. Ya tatu iwe yako mwenyewe, watu wakiwa wameshatulia lakini hawajachoka.

Hatua ya 7: Mikro, bafle, umeme

Omba stendi ya mikro (maikrofoni) yenye mkono mrefu. Stendi iliyonyooka itakulazimisha uketi upande. Ilete kutoka kushoto, mkono ukipita juu ya kinanda, mikro ikisimama mbele ya kinywa kwa upana wa vidole vitatu, juu kidogo kuliko unavyodhani, ili kidevu kisiinamie vidole. Keti kwenye nusu ya mbele ya kiti, mguu wa kulia kwenye pedali, wa kushoto umekanyaga sakafu wote.

Bafle, yaani spika, ziwe mbele ya mikro, zikielekea watu. Zikiwa nyuma yako zitapiga filimbi. Kwenye mikseri, anza na sauti peke yake. Ikishasikika hadi ukuta wa mwisho, ndipo pandisha kinanda polepole, ukome mara tu kinapoanza kusikika wazi. Mafundi wengi wamezoea bendi, watakipandisha. Mwombe fundi kwa heshima, ukimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kabla watu hawajaingia: “Yaya, kinanda kibaki chini ya sauti, hata nikipiga kwa nguvu.”

Kuhusu umeme, panga kana kwamba utakatika. Vinanda vingi vidogo vya nota 61 vinakubali betri. Nunua seti mpya uiweke mfukoni, usiitumie kwenye mazoezi. Uliza kama ukumbi una jenereta, na iko wapi, kwa sababu jenereta iliyo chini ya dirisha ni mpigaji mwingine usiyemwalika. Na uwe na wimbo mmoja ambao unaweza kuuimba gizani bila mikro, bila chochote. Niliwahi kuuhitaji wangu katikati ya onyesho. Nilisimama, nikasogea kwenye meza, nikauimba. Watu walinyamaza kuliko walivyonyamaza usiku wote.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Malipo yakubaliwe kabla: kiasi gani, dola au faranga, saa ngapi, nani anagharamia usafiri wa kinanda. Hata ujumbe wa simu unatosha kama maandishi. Chagua mahali kwa makini pia. Mahali kama Halle de l’Étoile, ukumbi wa Taasisi ya Ufaransa hapa mjini, mtu anakuja kusikiliza. Hotelini watu wanakula na kuzungumza, na hiyo ni haki yao. Hotelini usishindane na mazungumzo kwa kupandisha sauti. Shuka. Imba chini zaidi, punguza mikono, na meza ya karibu itanyamaza kwanza, kisha ya pili.

Kula mapema. Bukari, yaani ugali, ni nzuri, lakini saa mbili au tatu kabla, si dakika 20. Maji ya uvuguvugu karibu na mguu wa kushoto, mbali na nyaya.

Wimbo wa kwanza uwe ule ambao mikono yako inaujua hata ukiwa na homa. Usianze kwa kujieleza. Piga besi moja, subiri, imba. Ukisahau maneno, mikono isikimbie kujaza. Rudia mstari uliotangulia, taratibu zaidi, kana kwamba ulitaka hivyo, na maneno yatarudi. Katikati ya nyimbo sema machache na ya kweli: wimbo huu niliuandika wapi, nani alikuwa ameondoka. Usitafsiri wimbo mzima kabla ya kuuimba.

Rekodi onyesho kwa simu, uiweke meza ya nyuma, si juu ya kinanda. Nyumbani funika kinanda dhidi ya vumbi, ulale. Asubuhi sikiliza kuanzia mwanzo ukiwa na daftari, na uandike kila neno ambalo mikono yako imelifunika: wimbo gani, mstari gani, mkono upi. Kisha rudi kwenye kinanda na uanze na hayo, mikono magotini, kabla hujagusa wimbo mpya.